Kiungo cha nguruwe kwa mgonjwa Muislamu: Ni kweli kila mgonjwa yuko katika dharura?



Habari za madaktari wa Marekani kupandikiza moyo na figo za nguruwe kwa binadamu zimeshafika majumbani mwetu, na kila zinapotajwa watu hugawanyika hapo hapo. Mmoja husema, "Astaghfirullah, bora kufa." Mwingine hujibu, "Dharura huhalalisha kilichoharamishwa, mwacheni mgonjwa atibiwe." Mazungumzo yanaishia hapo, chai inaendelea kunywewa, na mgonjwa mwenyewe, ambaye pengine amelala chumba cha pili na anasikia kila neno, hajaulizwa lolote.

Nionavyo mimi, wote wawili wamelikimbilia jibu kabla ya kulielewa swali. Wa kwanza amesahau kuwa sheria yetu ina mlango wa dharura. Wa pili amesahau kuwa mlango huo una masharti, na kwamba kinachotolewa huko Marekani kwa sasa ni majaribio, hakijawa tiba iliyothibiti. Tofauti hiyo ya tiba na majaribio ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwa sababu inagusa moja kwa moja hilo neno "dharura" tunalolitamka kwa wepesi.

Majaribio haya hayafanyiki hapa kwetu. Yanafanyika Marekani na China. Lakini tunao ndugu wengi wanaoishi Marekani, na miongoni mwao wapo wenye kisukari na presha zilizoharibu figo. Na wagonjwa wetu wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wamezoea kusafiri hadi India kutafuta upandikizaji. Likithibiti huko, swali litatufikia bila kubisha hodi.

Yaliyotokea mpaka sasa

Jambo lenyewe si geni kama linavyopambwa. Mwaka 1963 na 1964 Dk. Keith Reemtsma wa New Orleans aliwapandikiza wagonjwa 13 figo za sokwe. Wengi walifariki baada ya muda mfupi, lakini mmoja, mwalimu wa shule, aliishi miezi tisa. Mwaka 1984 huko Loma Linda, California, mtoto mchanga aliyejulikana kwa jina la Baby Fae aliwekewa moyo wa nyani akaishi nao siku 20. Baada ya hapo mambo yakapoa kwa miaka mingi, kwa sababu mwili wa binadamu hukitambua kiungo cha mnyama kuwa ni adui na kukishambulia, pengine ndani ya dakika chache.

Kilichobadilika ni ujuzi wa kuhariri jeni, yaani yale maelekezo yaliyomo ndani ya kila seli ya kiumbe hai. Seli za nguruwe zina aina ya sukari ambayo sisi hatuna, na kingamwili zetu huiona mara moja. Sasa wanasayansi wanaweza kuizima jeni inayotengeneza sukari hiyo na kuongeza jeni za binadamu ili kiungo kisionekane kigeni sana.

Tarehe 7 Januari 2022, mjini Baltimore, David Bennett mwenye umri wa miaka 57 aliwekewa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni 10. Aliishi miezi miwili. Baadaye iligundulika kuwa moyo ule ulikuwa na virusi vya nguruwe ambavyo vipimo vya mwanzo havikuvikamata, na wataalamu waliandika kuwa huenda vilichangia. Septemba 2023 mgonjwa wa pili wa moyo, Lawrence Faucette, aliishi takriban wiki sita. Machi 2024 ikafuata figo: Richard Slayman, miaka 62, alipandikizwa mjini Boston, akarudi nyumbani, akafariki Mei mwaka huo huo. Hospitali ilisema haikuona dalili kuwa figo ile ndiyo iliyomuua. Lisa Pisano wa New Jersey alipandikizwa New York Aprili 2024, figo ikaondolewa baada ya siku 47, na akafariki Julai. Towana Looney wa Alabama alikaa na figo yake siku 130, ikatolewa Aprili 2025, akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu akiwa hai. Tim Andrews aliipata yake Januari 2025 na alikaa nayo siku 271 kabla haijaondolewa.

Namba hizi zisomwe kwa utulivu. Ukisikia mtu anasema "figo ya nguruwe imefaulu", muulize imefaulu kwa siku ngapi. Wala sisemi hivyo kwa dharau. Siku 271 bila kufungwa kwenye mashine ni neema kubwa kwa anayejua mashine hiyo ni nini: saa nne hivi kila kikao, mara tatu kwa wiki, na siku ya pili yake mwili hauna nguvu hata ya kuinuka kwenda msikitini. Lakini ni siku 271, si miaka kumi.

Hao wote walipandikizwa kwa ruhusa maalumu ya mgonjwa mmoja mmoja asiye na njia nyingine. Mwaka 2025 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipofungua majaribio rasmi. Moja linaanza na wagonjwa sita na linaweza kufika 50. Wanaolengwa ni wale ambao kwa sababu za kitabibu hawastahiki kupewa figo ya mtu, au wako kwenye orodha ya kusubiri lakini uwezekano wao wa kufa ni mkubwa kuliko wa kuipata figo ndani ya miaka mitano. Tulikumbuke sharti hilo, tutalirudia.

Kwa nini nguruwe, kwa nini si mbuzi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila Muislamu, na ni swali la haki. Allah ametuumbia mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Hawa madaktari hawakumwona mnyama mwingine?

Sababu zao si kutukera. Viungo vya nguruwe mkubwa vinakaribiana na vya mtu mzima kwa ukubwa na kwa namna vinavyofanya kazi. Mimba yake haifiki miezi minne, huzaa watoto wengi kwa mpigo mmoja, na wanakua haraka. Anaweza kufugwa katika majengo safi yaliyofungwa ili asipate maradhi. Nyani na sokwe wako karibu zaidi nasi kwa umbile, lakini ukaribu huo huo ndio unaofanya virusi vyao viwe hatari kwetu, na huzaa mmoja mmoja kwa muda mrefu. Juu ya yote, utafiti wa miongo kadhaa umewekezwa kwa nguruwe, na sayansi nayo hufuata njia iliyokwisha fyekwa.

Mmoja wa viongozi wa kazi ile ya Baltimore ni Muislamu, Dk. Muhammad Mohiuddin, aliyesomea udaktari Karachi. Nalitaja hilo ili tusidhani hili ni jambo lililopangwa na watu wasiojua kuwa sisi tupo.

Wanaokubali wanakubalia nini?

Tukiwasikiliza wagonjwa waliokubali, sababu zao hazifanani. Bennett alisema waziwazi kuwa kwake ilikuwa ama afe ama afanyiwe, na kwamba anajua anabahatisha. Alikuwa amekataliwa kwenye orodha ya moyo wa binadamu na hata pampu ya moyo hakustahiki. Slayman alikuwa na sababu nyingine. Aliwahi kupewa figo ya mtu mwaka 2018, ikafeli, akarudi kwenye mashine, na mishipa yake ikawa inaziba kila mara. Alisema anaiona ile figo kuwa njia ya kujisaidia mwenyewe na pia ya kuwapa matumaini maelfu ya wanaosubiri. Looney mwaka 1999 alimtolea mama yake figo, kisha ile moja aliyobakiwa nayo ikaja kuharibika. Damu yake ilikuwa na kingamwili nyingi mno hata ikawa vigumu kumpatia figo ya mtu yeyote.

Utaona hapo mambo mawili yaliyochanganyika: kutaka kupona, na kutaka kuwafaa watu. Yote mawili ni mema. Hatari ipo pale mgonjwa anapoamini anapata la kwanza kumbe anachotoa hasa ni la pili. Wataalamu wa maadili ya tiba huko Marekani walilipa tatizo hili jina tangu mwaka 1982: mgonjwa aliye ndani ya utafiti hudhani kila kinachofanywa kimechaguliwa kwa manufaa yake yeye, wakati utafiti umepangwa kwanza ili kujibu swali la watafiti. Daktari aliyevaa koti jeupe ni yule yule, kitanda ni kile kile, sindano ni ile ile. Mgonjwa atajuaje tofauti asipoambiwa, tena kwa lugha anayoifahamu?

Na kwetu tatizo hilo ni kubwa zaidi kwa sababu ya adabu zetu. Tumelelewa kutombishia daktari. Mzee akiulizwa "umeelewa?" atasema "nimeelewa, mwanangu", hata kama hakuambulia kitu, kwa sababu anaona haya kumchosha mtu aliyesoma. Saini ya namna hiyo ipo kwenye karatasi tu. Ridhaa yenyewe haijapatikana.

Dharura na masharti yake

Uharamu wa nguruwe hauna mjadala. Umetajwa katika Qur'an mahali pane, na katika aya ya 173 ya Suratul Baqara, baada ya kuharamishwa, imetajwa ruhusa ya aliyelazimika bila ya kutamani wala kupita mpaka. Maulamaa wetu wameijenga juu ya hapo hukumu ya tiba. Imam Izz bin Abdissalam, faqihi mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameruhusu kujitibu kwa najisi pale isipopatikana twahara ya kushika nafasi yake, kwa hoja kuwa maslahi ya afya na uhai yanatangulia maslahi ya kujiepusha na najisi. Imam Nawawi amekwenda njia hiyo hiyo na kuweka masharti: dawa ya twahara isiwepo, na mwenye kujua awe anaijua faida ya ile najisi, au aambiwe na tabibu Muislamu mwadilifu. Zama zetu hizi Darul Iftaa ya Misri iliruhusu vali za moyo za nguruwe pale panapohofiwa uhai wa mgonjwa, kupotea kwa kiungo chake au kuzidi kwa maradhi.

Basi tuyapime majaribio haya kwa mizani hiyo hiyo. Sharti la kwanza ni kukosekana kwa badala. Mgonjwa wa moyo aliyekataliwa kila mahali, ambaye moyo wake unahesabiwa kwa siku, karibu hana badala. Mgonjwa wa figo hali yake ni nyingine, kwani anayo mashine. Ni ngumu, ni ghali, inachosha, lakini inamweka hai, na wapo walioishi nayo miaka mingi. Je, uchovu ni dharura? Kwa wengine uchovu huo unafikia dharura kweli kweli, kama yule ambaye mishipa yote imeziba na hakuna tena pa kuchomeka sindano. Kwa mwingine ni haja tu, na haja ina hukumu yake. Huwezi kuwapa wote fat'wa moja kwa kuwa wote ni "wagonjwa wa figo".

Sharti la pili ndilo ninaloona linasahauliwa na wanaosema "dharura, dharura" haraka haraka. Mafaqihi wamezungumzia dawa ambayo faida yake inajulikana au inategemewa kwa dhana kubwa. Majaribio, kwa maana yake yenyewe, yanafanywa kwa sababu faida haijajulikana. Ingejulikana wasingejaribu. Kwa hiyo mtu akisema kuwa kwa hali ilivyo leo dharura haijatimia kwa wagonjwa wengi wa figo, hajawa mkaidi wala adui wa sayansi. Ameisoma kanuni yote badala ya nusu yake.

Na mtu akisema kuwa kwa mgonjwa fulani, aliyekosa mtoaji, aliyeishiwa mishipa, na ambaye madaktari wawili au watatu waaminifu wamemweleza ukweli wote, mlango uko wazi, nitamkubalia. Ndiyo maana lile sharti la majaribio ya mwaka 2025, kuwa mgonjwa awe hana njia ya kupata figo ya mtu, linakaribiana kwa namna ya kushangaza na sharti la mafaqihi. Wallahu aalam, mgonjwa halisi amwendee mwanachuoni halisi akiwa na karatasi zake za hospitali, si kwa swali la jumla la "figo ya nguruwe inafaa?"

Lipo jambo jingine la kuwatuliza wagonjwa. Kukataa tiba yenye shaka si kujiua. Katika hadithi sahihi aliyoisimulia Ibn Abbas (r.a.), mwanamke mwenye kifafa alimwendea Mtume (s.a.w.) akaomba aombewe, naye akampa hiari baina ya kusubiri na kuombewa. Alichagua kusubiri na hakulaumiwa. Katika madhehebu ya Shafi kujitibu ni sunna. Mgonjwa anayesema "mimi jaribio hili silitaki" asisukumwe na wanawe kwa machozi na maneno ya "unataka kutuacha?" Na anayelikubali kwa elimu asiambiwe amekula kitimoto.

Najisi tunayoitumia bila kujua

Kabla mwenzetu wa "bora kufa" hajainuka, namwomba afikirie mashine yenyewe ya kusafisha damu. Damu ikipita kwenye mipira ya mashine hutaka kuganda. Ili isigande hutumika dawa iitwayo heparini, na heparini nyingi duniani hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Wagonjwa wetu, maimamu wakiwemo, wanaipata mara tatu kwa wiki. Insulini pia ilitoka kwa nguruwe na ng'ombe hadi ilipopatikana ya maabara iliyofanana na ya binadamu mwaka 1982.

Silisemi hili ili kuhalalisha kila kitu kwa mkupuo. Baadhi ya maulamaa wanaona vitu hivyo vimegeuka asili yake vikawa kitu kingine, jambo linaloitwa istihala, na figo nzima haijageuka chochote, ni figo. Ninachosema ni kuwa anayeapa kuwa kitu cha nguruwe hakitaingia mwilini mwake kamwe, aulize kwanza. Na pale ambapo badala ipo, aidai. Anayetakiwa kubadilishiwa vali ya moyo, kwa mfano, ana haki ya kumuuliza daktari kama inapatikana ya ng'ombe au ya chuma. Ya chuma itamlazimu dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, kwa hiyo wazungumze.

Swala, na siku ya kuoshwa

Wagonjwa wengi huulizana kimya kimya: nikiwa na kiungo hicho swala yangu itasihi? Nani ataniosha?

Kwa watu wa pwani hii waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi, jibu lina mfano wake wa zamani. Pana suala la mtu aliyevunjika mfupa akaungwa kwa mfupa wa najisi kwa kuwa wa twahara haukupatikana. Huyo ameudhuriwa, na swala yake ni sahihi. Hata aliyeungiwa ilhali wa twahara ulikuwepo, hatolewi kama inahofiwa madhara ya dhahiri. Na akifa, kauli sahihi ni kuwa hautolewi. Miaka zaidi ya 700 iliyopita hawakuijua figo iliyohaririwa jeni, lakini walikwisha fikiria mgonjwa aliye na kitu cha najisi ndani ya mwili wake, na walimhurumia. Kulilinganisha suala la figo na la mfupa ni kazi ya wenye elimu, ila msingi upo.

Jambo la mazishi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko swala. Maelekezo ya serikali ya Marekani ya mwaka 2001 juu ya kupandikiza vya wanyama yanataka mpokeaji akifariki, hata baada ya miaka mingi, familia iombwe kuruhusu maiti ipasuliwe na kuchunguzwa. Sisi tunaharakisha mazishi na tunamheshimu maiti kama aliye hai. Hili halitakiwi kuzungumzwa mara ya kwanza siku ya msiba, watu wamekaa nje na sanda imeshanunuliwa. Lizungumzwe kabla ya saini. Iulizwe kama uchunguzi unaweza kuwa wa kuchukua vipande vidogo kwa sindano, utachukua saa ngapi, na yaandikwe.

Mkataba wa nyumba nzima

Maelekezo hayo hayo yana mambo mengine ambayo familia zetu hazijayasikia. Hofu kubwa ya wataalamu ni virusi vya nguruwe kuhamia kwa mgonjwa, kisha kwa aliye karibu naye, kisha kwa umma. Mpaka sasa hilo la kuambukiza wengine halijaonekana kwa wagonjwa hawa, lakini tahadhari zipo. Mpokeaji hufuatiliwa maisha yake yote. Sampuli zake za damu huhifadhiwa kwa miaka mingi. Hatakiwi kutoa damu, na wa karibu kabisa naye, yaani mume au mke, naye vivyo hivyo. Wanandoa hupewa nasaha juu ya tahadhari katika unyumba wao.

Kwa hiyo anayetia saini ni mmoja lakini wanaofungika ni wengi. Mke ana haki ya kujua. Katika nyumba nyingi mume ndiye huamua tiba yake na mke huambiwa siku ya kwenda hospitali. Kwa hili hapana, haiwezekani. Na akiwa mgonjwa ni mke, mume asimtilie saini kwa kichwa chake. Mwili ni wake na akili zake timamu anazo.

Tena kuna dawa. Ili mwili usikikatae kiungo, mgonjwa hunywa dawa nzito za kushusha kinga. Kinga ikishuka, kila maradhi yanapata njia. Looney alipata maambukizo, madaktari wakalazimika kupunguza zile dawa ili apambane nayo, na figo ikakataliwa. Nyumba yenye watoto wa chuoni na mafua yao, kuku uani, na wageni wasiokatika, ni nyumba ya kufikiriwa upya kabla ya kumrudisha mgonjwa huyo.

Figo zilizoko nyumbani

Sasa niseme lile ambalo huenda litawaudhi baadhi. Tunalijadili la nguruwe kwa sauti kubwa, lakini ni nyumba ngapi zenye mgonjwa wa figo ambamo ndugu wote wameshapimwa?

Tanzania ilianza kupandikiza figo Muhimbili mwezi Novemba 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018. Watoaji ni ndugu walio hai. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikwisha ruhusu, katika kikao cha Jeddah cha Februari 1988, mtu aliye hai kumtolea mwenziwe kiungo ambacho kutoka kwake hakuondoi uhai wala kazi ya msingi ya mwili, kwa hiari yake na bila kuuza. Hilo la kuuza ni la kusisitizwa, maana Aprili 2025 wizara ya afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret kufuatia madai ya biashara ya figo.

Mtu mwenye afya huishi na figo moja. Hatari haikosekani, na kisa cha Looney mwenyewe kinatukumbusha kuwa mtoaji naye anahitaji kufuatiliwa afya yake. Lakini mara nyingi kinachozuia si hatari hiyo. Ni maneno ya "akitoa figo hatazaa", "mwanamume akitoa nguvu zinaisha", na kila ndugu kumtazama mwenziwe. Duniani kote wanaotoa zaidi ni wanawake. Wanaume wa ukoo wana safari siku ya vipimo. Na hapo ndipo hoja ya dharura inaponishinda. Sharti lake la kwanza ni kukosekana kwa badala iliyo halali, na badala hiyo huenda imekaa sebuleni inakunywa chai. Kama wote wamepimwa na hakuna anayefanana, au wenye kufanana wana kisukari kama mgonjwa, hapo mazungumzo yanabadilika, na mgonjwa anaweza kusema mbele ya Allah kuwa alitafuta.

Maswali ya kwenda nayo

Kwa ndugu yetu aliyeko Marekani ambaye ameshaulizwa na hospitali kama angependa kuingia katika majaribio haya, nenda na mtu wako wa karibu na muulizeni daktari: Hii ni tiba au utafiti? Wangapi wamefanyiwa, na kila mmoja alikaa nayo muda gani? Nikiingia humu, nafasi yangu kwenye orodha ya figo ya mtu inabaki au inaondoka? Figo hii ikifeli ninarudi kwenye mashine nikiwa na afya gani, na kingamwili zitakazozuka zitanizuia kupokea figo ya mtu baadaye? Nani analipia dawa mwaka wa pili na wa tatu? Nikitaka kujitoa, nini kinasimama na nini kinaendelea? Nikifa, maiti yangu itakabidhiwa lini?

Jibu la "usijali, tutakushughulikia" lisikubalike kwa swali lolote kati ya hayo. Omba muda urudi nyumbani na fomu. Kama Kiingereza ni tatizo, hospitali za huko zinawajibika kukuletea mkalimani bila malipo, hata wa Kiswahili kwa simu. Usimpe mtoto wako wa miaka 12 kazi ya kukutafsiria fomu hiyo.